Mbaazi, Pojo na Maembe: Haki ya Mkulima wa Kitui na Makueni katika Sinia Zetu

Hakuna staftahi inayopendwa Mwambao wote kuliko mahamri na mbaazi za nazi. Nazi twaijua ilikotoka, Kilifi ama Kwale. Unga wa ngano nao, tukipenda kujua, sehemu yake kubwa huja kwa meli, kwa kuwa Kenya hailimi ngano ya kuitosha. Lakini mbaazi? Wengi wetu tukiulizwa tutataja muuzaji wa Kongowea, wala hatutakwenda mbele ya hapo. Ilhali nyuma ya muuzaji huyo iko barabara, na mwisho wa barabara liko shamba, na mara nyingi shamba hilo liko Ukambani: Machakos, Makueni au Kitui, nchi ambazo kwa miaka mingi ndizo zimekuwa ghala kuu la mbaazi la Kenya.

Juma hili twataka kuzungumzia chakula kilimwacho karibu, na kwa makusudi tumechagua kuutazama upande huo wa bara. Neno "karibu" lina udanganyifu wake. Tumezoea kudhani kwamba cha karibu ni kile cha Mtwapa au Lunga Lunga, na kinachopita Mariakani ni cha mbali. Lakini Mtito Andei, mlango wa Makueni, ni nusu tu ya njia ya kwenda Nairobi. Gari la mizigo likiondoka Kibwezi baada ya Isha laweza kuwa limekwisha kushusha Kongowea kabla ya adhana ya Alfajiri. Na tangu ile barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui ilipotiwa lami, mkulima wa Kitui hana haja tena ya kuzunguka na mzigo wake ili aifikie njia kuu ya Mombasa. Mchele wa Pakistani tulao kwenye pilau umevuka bahari nzima. Mbaazi imelala njiani usiku mmoja.

Ujirani huu si wa jana. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ndiyo iliyokuwa ikiteremsha pembe za ndovu hadi Mombasa na kurudi na nguo, shanga na bidhaa nyingine za Pwani. Mfanyabiashara mkubwa wa zama hizo, Kivoi, alikuwa na maskani yake Kitui, na ni kwake alikofikia mmisionari Ludwig Krapf mwaka 1849, safari aliyouona Mlima Kenya. Njaa za karne hiyo nazo ziliwasukuma Wakamba kadhaa kushuka kuja kukaa Pwani, na hadi leo wapo Rabai na Kwale. Nao Waislamu wapo Kitui mjini, Mwingi, Makindu na Kibwezi, na baadhi yao ni wasomaji wa jarida hili. Kwa hiyo tunaposema "mkulima wa Ukambani" hatusemi juu ya mgeni.

Nchi yenyewe ni kavu. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, na zinazotegemewa zaidi ni za vuli, za Oktoba hadi Desemba. Zile za masika aghalabu huvunja ahadi. Ndiyo maana wazee wa huko walishikamana na mazao yanayojua kusubiri: mtama, mawele, kunde, pojo na mbaazi. Mbaazi ya kienyeji hupandwa na mvua za vuli, ikakaa shambani miezi tisa au kumi, mizizi yake ikishuka chini kutafuta unyevu ambao mahindi hayaufikii, na majani yake yakianguka kuirutubisha ardhi. Pojo, ambayo ndugu zetu wa bara huiita ndengu, hufuata njia nyingine: huharakisha. Hukomaa kwa miezi miwili na kitu, mvua ikiwa ingalipo. Kituo cha utafiti cha Katumani, kilichoko Machakos, kimetoa mbegu za pojo zilizopewa majina ya Kiswahili, Biashara, Karembo na Ndengu Tosha, na Kitui, baada ya uchaguzi wa 2017, serikali ya Gavana Charity Ngilu iliifanya pojo kuwa zao la kampeni, mbegu zikagawiwa wakulima kwa wingi.

Tuongeze na vile ambavyo havilimwi bali huokotwa. Ukwaju tunaokamua kwa ajili ya futari na unga wa mbuyu unaotengenezwa mabuyu mekundu ya watoto si vya Kilifi peke yake. Mibuyu na mikwaju ya Kitui na ya Kibwezi ina sehemu yake katika biashara hiyo. Vivyo hivyo asali, ambayo Wakamba wamekuwa wakiirina kwenye mizinga ya magogo tangu zamani za zamani.

Basi faida yake ni ipi kwetu? Ya kwanza yaonekana mezani. Tunda lililosafiri usiku mmoja laweza kuachwa mtini hadi likomae; lililokusudiwa safari ndefu huchumwa changa, kisha hulazimishwa kuiva, na wako wafanyabiashara wasiomcha Mungu wanaolivisha kwa kabaidi. Ya pili ni ya mfuko: pojo mpya ikinunuliwa kwa msimu, kwa gunia lililogawanywa baina ya nyumba nne au tano, haina bei ya kibaba cha dukani wakati wa Shaabani. Lakini faida kubwa, kwa maoni yetu, si ya mezani wala ya mfukoni. Ni kwamba muuzaji aliye karibu twaweza kumtendea haki au kumdhulumu kwa kujua. Aliye mbali ng'ambo hatumwoni. Wa Makueni twaweza kumwuliza.

Na tukimwuliza, jambo la kwanza atakalotueleza ni habari ya dalali.

Mwembe wa Makueni hutoa maua katikati ya mwaka, na maembe huiva kwa wingi kuanzia Desemba hadi Machi. Kati ya maua na mavuno ndipo shida ilipo. Mkulima ana karo ya Januari, ana deni la duka, ana mgonjwa. Hapo huja mtu na fedha taslimu na kumnunulia mti mzima, au shamba zima, matunda yangali maua au madogo mfano wa kokwa. Bei huwa ya chini, kwa kuwa mnunuzi huhesabu hatari: huenda upepo ukapukutisha, huenda nzi wakaharibu. Msimu ukifana, dalali huondoka na faida ambayo mkulima huitazama ikipakiwa kwenye lori. Msimu ukiharibika, dalali hurudi kudai fedha zake, na ugomvi huanza.

Msomaji mwenye kumbukumbu ya vitabu vya fiqhi atakuwa amekwisha kutambua. Biashara hii ndiyo hasa iliyokatazwa na Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam. Imepokewa katika Sahihi mbili, kutoka kwa Ibn Umar, kwamba alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kufaa kwake, akamkataza muuzaji na mnunuzi pia. Na katika riwaya ya Anas imetajwa sababu: Mwenyezi Mungu akiyazuia matunda yale yasiwe, mmoja wenu atajihalalishiaje mali ya nduguye? Huko Madina ilikuwa tende, na alama yake ilikuwa kugeuka rangi kuwa nyekundu au njano. Embe nalo lina alama zake, na kila mchuuzi azijua.

Madhehebu yetu ya Shafi yametoa nafasi moja: tunda changa lenye manufaa laweza kuuzwa kwa sharti la kuchumwa papo hapo. Kwa hiyo maembe mabichi ya achari, na yale ya kutiwa chumvi na pilipili ambayo watoto huyanunua nje ya madrasa, hayana neno. Kilichokatazwa ni kuyanunua maua na kuyaacha mtini kwa kubahatisha.

Kwa nini twalileta hili kwenye jarida la familia na si kwenye darsa? Kwa sababu baadhi ya maembe hayo huishia Kongowea, na kutoka hapo kwenye vikapu vyetu, na wapo miongoni mwa ndugu zetu wenyewe wanaotoa mtaji wa ununuzi huo bila ya kuuliza. Zipo na hadithi nyingine mbili zinazoihusu njia hii hii. Mtume alikataza kuwaendea wenye misafara nje ya mji na kununua kwao kabla hawajaijua bei ya soko. Leo msafara ni bodaboda iliyobeba gunia la pojo, na anayeupokea njiani ana simu yenye bei za Mombasa mfukoni mwake huku mwenye gunia hana habari. Tena alikataza watu wa mjini kujitia kati kuwauzia watu wa mashambani. Wanachuoni wamezifafanua hadithi hizi kwa masharti na tofauti zao, nasi hatudai kila dalali ni mkosa. Wako wanaofanya kazi ya halali ya kukusanya, kusafirisha na kubeba hasara. Lakini kutojua kwa mkulima kukigeuzwa kuwa ndiyo faida yenyewe, hapo pana swali.

Hali kadhalika vipimo. Gunia lipaswalo kuwa la kilo 90 hushindiliwa na kuongezwa shingo. Gorogoro hubonyezwa kitako wakati wa kuuza na kunyooshwa wakati wa kununua. Sura ya Al-Mutaffifin yaanza na watu wa namna hii. Dawa yake ni nyepesi mno, nayo ni mizani.

Twarudi kwenye maembe, kwani yapo mema ya kusimulia. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kuuza maembe yake Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, mdudu aliyetoka Asia na ambaye alionekana Kenya kwa mara ya kwanza hapa hapa Pwani mwaka 2003. Soko hilo lilifunguliwa tena mwaka 2021, baada ya wakulima, wa Makueni wakiwa mstari wa mbele, kupigana naye kwa mitego na kwa kufukia matunda yaliyooza badala ya kuyaacha chini ya mti. Katika miaka hiyo ya kufungiwa, mkulima aliuza wapi? Aliuza kwetu, Nairobi na Mombasa. Kisha mwaka 2017, wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, kaunti ikafungua kiwanda chake Kalamba, cha kusaga maembe kuwa rojo la kutengenezea juisi. Kiwanda kimoja hakimalizi maembe ya Makueni yote, lakini mkulima mwenye mlango wa pili hana ulazima wa kuuza maua.

Mbaazi nayo ina kisa chake cha soko la mbali. Kwa muda mrefu India ilikuwa mnunuzi mkubwa wa mbaazi za Afrika Mashariki. Agosti 2017, India ikiwa imevuna vya kutosha, iliweka kikomo kwa mbaazi ziingiazo nchini humo, na wakulima kuanzia Kenya hadi Msumbiji wakabaki na magunia. Soko la nyumbani halina ukubwa wa India. Ila halifungwi kwa waraka wa siku moja, maana mahamri huliwa kila siku.

Sasa tuseme na upande usiopendeza, maana mwenye kusifu chakula cha Kitui na Makueni akanyamaza kuhusu mwaka 2004 atakuwa amewaficha wasomaji wake.

Katika nusu ya kwanza ya mwaka huo watu walianza kufika hospitali wakiwa na macho ya manjano na matumbo yaliyovimba. Kufikia tarehe 20 Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walifariki. Wilaya zilizoathirika zaidi zilikuwa Makueni na Kitui. Sababu ilikuwa aflatoksini, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita sumukuvu: sumu inayotolewa na kuvu kwenye nafaka isiyokauka. Wachunguzi walipochukua sampuli za mahindi kwenye masoko ya eneo hilo, zaidi ya nusu zilipita kiwango kilichoruhusiwa na sheria.

Mahindi yale hayakutoka ng'ambo. Yalilimwa palepale. Uhaba wa chakula ulikuwa umewafanya watu kuvuna mapema, wengine kwa kuchelea wezi, kisha wakayaweka ndani ya nyumba yakiwa na unyevu. Mama alimpikia mwanawe ugali wa shamba lake mwenyewe, naye ndiye aliyekuwa akimlisha sumu bila ya kujua. Wale 125 ni wale waliofikiwa na hesabu. Sumu hiyo ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huharibu ini, na kupika hakuiondoi.

Kwa hiyo ukaribu si usafi. Ukaribu hutupa uwezo wa kuuliza tu, na asiyeuliza hana faida nao. Nafaka ya mahindi isihifadhiwe ikiwa na unyevu unaozidi asilimia 13 hivi. Asiye na kipimo atumie chupa ya kioo iliyokauka: atie punje, atie chumvi kavu, atikise kwa dakika chache, kisha aache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, punje hazijakauka, na gunia hilo lisinunuliwe. Punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zenye ukungu zitupwe, wala wasipewe kuku, kwa kuwa kuku nao huathirika. Tahadhari hii yahusu njugu vilevile, pamoja na zile za kashata. Wakulima nao siku hizi wana magunia yasiyopitisha hewa, na iko dawa ya kunyunyizwa shambani, Aflasafe KE01, itumiayo kuvu wasio na sumu kuwafukuza wenye sumu. Mnunuzi anayeuliza kama vitu hivi vimetumika, na akawa tayari kulipa shilingi kadhaa zaidi kwa jibu la ndiyo, amefanya zaidi ya mahubiri yetu yote.

Pana na mwisho wa uwezo wa nchi yenyewe. Kuanzia vuli ya 2020 mvua ziliteleza misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya mashariki ya Kenya, na Kitui haikuwa na cha kuuza wala cha kula. Miaka ya namna hiyo kumwambia mtu anunue cha karibu ni maneno matupu. Meli za nafaka ni rehema. Hatutetei kujifungia.

Waliotuuliza namna ya kununua kwa halali na kwa nafuu, tunawakumbusha njia iliyokuwapo Madina. Mtume alipofika huko aliwakuta watu wakilipia matunda kabla ya mwaka au miwili. Hakuivunja biashara hiyo; aliisawazisha: kipimo kijulikane, uzani ujulikane, na muda ujulikane. Ndiyo salam. Nyumba kumi za mtaa mmoja zaweza kukusanya fedha na kuulipa ushirika wa wakulima wa Mwingi au Kibwezi bei yote siku ya mkataba, kwa kilo kadhaa za pojo safi, kavu, za aina fulani, zipokelewe Mombasa tarehe fulani. Mkulima apata fedha wakati ule ule ambao dalali humjia, nasi twapata pojo kwa bei iliyokatwa mapema. Tofauti ni kwamba kilichouzwa ni uzani uliosifiwa, si mti huu wala shamba lile. Shamba moja likiharibika, ushirika wapaswa kuutimiza uzani huo kutoka kwingine. Mkataba uandikwe, na kabla ya kutia saini Sheikh wa msikiti aonyeshwe, maana masharti yana uzito wake.

Kwa ndugu zetu wakulima, lipo la zaka. Vitabu vya Kishafi vinapohesabu nafaka zenye zaka vinataja na al-mash, nayo si kingine bali pojo. Nisabu ni wasaq tano, ambazo wengi wa wanachuoni wa leo hukadiria kuwa kiasi cha kilo 650. Kilichokua kwa mvua hutolewa sehemu moja ya kumi. Kilichonyweshwa kwa gharama, nusu yake. Embe halina zaka ya mazao kwa Imamu Shafi, ingawa Abu Hanifa ameona vingine, na fedha za biashara yake zina hesabu yake mbali.

Na zaka ya fitri, kwa madhehebu yetu, hutolewa katika chakula kinacholiwa zaidi na watu wa mji. Mombasa tumezoea pishi ya mchele. Wa Kitui na Makueni waangalie wanachokula wao. Mahali ambapo chakula cha wengi ni mahindi au mtama, hicho ndicho cha fitri, na mchele wa kununuliwa mjini si sharti. Wakitoa mahindi, wayapitishe kwanza kwenye chupa ya chumvi.

Katika miaka hii Ramadhani imesogea hadi Februari na Machi. Pojo za vuli huvunwa Januari na Februari, na maembe yangali mitini. Nyumba zinazotaka kujiunga kununua pamoja zianze kuzungumza na vyama vya wakulima kabla ya mvua za Oktoba, wakati mbegu bado haijaingia ardhini na fedha ina kazi ya kufanya.